Delegati wa Mombasa aliyefukuzwa China

Kikao kilianza saa kumi kamili jioni, kwa sababu Lejio ya Maria, chama cha walei Wakatoliki cha sala na kutembelea wagonjwa, haisubiri mtu. Chumba ni kilekile cha nyuma ya sakristia, katika parokia moja ya Moshi ambako shangazi yangu amekuwa katibu wa kikundi kwa miaka 31. Mezani palitandikwa kitambaa cheupe, sanamu ya Mama Maria katikati, maua kulia na kushoto, mishumaa miwili, na mbele yake ile alama ndogo ya chuma wanayoiita veksilumu. Mimi si mwanalejio. Nilikwenda kumshika mkono, maana mtoto wa jicho amemfikisha mahali ambapo hawezi tena kusoma hata mwandiko wake mwenyewe.

Nikasoma kumbukumbu za wiki iliyopita kwa niaba yake. Nani alimtembelea mgonjwa, alikaa muda gani, alikuta hali gani. Sentensi fupi fupi, bila sifa kwa mtu yeyote.

Kisha wakasimama wote kusali Katena, sala ya kila siku ya wanalejio. Nilikuwa nimeisikia tangu utotoni, lakini siku hiyo neno moja lilinigonga. Wanasema habari za mwanamke ajaye kama pambazuko, mzuri kama mwezi, mwangavu kama jua, wa kutisha kama jeshi lililopangwa kwa vita.

Jeshi.

Wazee kumi na mmoja, wengi wao wajane, wameshika rozari, wanatamka neno jeshi.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamwuliza shangazi kuhusu picha iliyobandikwa ukutani, ya yule binti wa Ireland, Edel Quinn, aliyeileta Lejio huku kwetu mwaka 1936.

"Huyo binti asingefika mbali kama si Delegati," akasema.

"Delegati yupi, shangazi?"

"Wa Mombasa. Riberi. Ndiye aliyesimama nyuma yake kwa maaskofu."

"Aliishia wapi?"

"Walimpeleka China. Wachina wakamfukuza."

Akaniuliza kama nimekula mchana. Kwake habari ilikuwa imekwisha. Mimi nimekaa nayo wiki saba.

Delegati na balozi

Siku hizi tumezoea kuona kwenye habari Balozi wa Papa akipeleka hati za utambulisho Ikulu, anapokewa kama balozi mwingine yeyote. Miaka ya 1930 huku kwetu hakukuwa na wa kupelekewa hati. Nchi zilikuwa za Waingereza. Papa alituma mtu wa cheo kingine, Delegati wa Kitume, ambaye kazi yake ilikuwa kwa Kanisa peke yake. Hakuwa na hadhi ya kibalozi mbele ya serikali. Delegati wa kwanza wa eneo hili, Mwingereza Arthur Hinsley, aliwekwa Mombasa mwaka 1930. Wa pili alikuwa Antonio Riberi, aliyeteuliwa mwaka 1934.

Riberi alizaliwa Monaco mwaka 1897. Kaeni na jina hilo la Monaco, litarudi.

Kabla ya kuja Afrika alifanya kazi katika ubalozi wa Papa mjini Dublin, mji uleule ambako Frank Duff na wenzake walianzisha Lejio mwaka 1921. Kwa hiyo Edel Quinn aliposhuka Kenya akiwa na mapafu yaliyoliwa na kifua kikuu, alimkuta askofu mkuu asiyehitaji kuelezwa Lejio ni kitu gani. Nairobi wakati ule ilikuwa bado chini ya Vikarieti ya Zanzibar, yaani eneo la kimisioni ambalo halijawa jimbo, na wamisionari wengi hawakuamini kwamba Mwafrika mlei angeweza kukabidhiwa kazi ya kitume, aende nyumba kwa nyumba, aandike taarifa, aisome mbele ya wenzake. Binti huyu alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland hadi Mauritius kuonyesha kwamba inawezekana. Alifia Nairobi tarehe 12 Mei 1944. Alikuwa na miaka 36.

Riberi aliyaona yote hayo kwa macho yake. Mwaka 1946 akaitwa kwenda China.

Huko alikwenda na cheo kikubwa zaidi, cha internunsio, ngazi moja chini ya balozi kamili wa Papa. China na Vatican zilikuwa zimekubaliana kuwa na uhusiano wa kibalozi mwaka 1942, katikati ya vita. Mwaka huo wa 1946 Kanisa la China lilipewa majimbo yake rasmi, na Askofu Thomas Tien akawa Mchina wa kwanza kufanywa kardinali. Ukisoma habari za miezi hiyo unaona watu waliodhani mlango umefunguka.

Miaka mitatu tu.

Nanjing, Aprili 1949

Majeshi ya Kikomunisti yaliingia Nanjing tarehe 23 Aprili 1949. Serikali ya Chiang Kai-shek, iliyokuwa ikitawala China hadi hapo, ilikuwa imekimbilia Guangzhou kusini na kuwataka mabalozi waifuate. Riberi hakuifuata.

Kwa siku kadhaa nilitaka kuandika hapa kwamba alibaki peke yake, maana ingenoga. Si kweli. Mabalozi wengi walibaki Nanjing kuangalia mambo yatakwendaje, hata yule wa Marekani. Ajabu ni kwamba aliyeifuata serikali ya zamani kwenda Guangzhou alikuwa balozi wa Urusi ya Kisovyeti, rafiki wa washindi. Riberi alijitenga na wenzake baadaye, miezi ilipopita na wao wakaanza kufunga virago mmoja mmoja. Yeye akaendelea kukaa.

Hapo ndipo swali langu la kwanza lilipoanza. Alikaa kama nani?

Kanuni ya 364 ya Sheria za Kanisa za leo inasema kazi ya kwanza ya mjumbe wa Papa ni kuimarisha kifungo cha umoja kati ya Kiti Kitakatifu na Makanisa ya mahali. Serikali ya nchi inakuja baadaye, kanuni inayofuata. Kati ya kazi hizo kuna moja nzito kuliko zote: kukusanya habari za mapadre wanaofaa kuwa maaskofu na kupeleka majina Roma. Balozi wa nchi nyingine akiondoka, biashara na viza vinasimama. Mjumbe wa Papa akiondoka, swali la nani atakuwa askofu linabaki wazi.

Tarehe 1 Oktoba 1949 Mao, kiongozi wa Wakomunisti, alitangaza Jamhuri ya Watu wa China. Tarehe 7 Oktoba, siku sita baadaye, Riberi alimweka wakfu padre mmoja wa Shanghai, Ignatius Kung Pin-mei, kuwa askofu wa Suzhou. Mwaka uliofuata Kung akahamishiwa Shanghai.

Siku sita. Serikali mpya haijakauka wino, na huyu mtu anaweka mikono juu ya kichwa cha askofu Mchina. Nadhani hapo tayari alikuwa ameamua.

Neno jun

Uamuzi mwingine aliufanya mapema zaidi, na huu ndio ulioninyima usingizi.

Tangu mwaka 1937 kulikuwa na padre wa Ireland, Aedan McGrath wa Shirika la Mtakatifu Columban, aliyeanzisha vikundi vya Lejio jimboni Hanyang. Mwaka 1948 Riberi alimtoa parokiani na kumtuma azunguke China nzima kuanzisha vikundi vingine. Sababu inaeleweka. Wamisionari wangefukuzwa, mapadre wazalendo wangekamatwa, na parokia zingebaki na walei. Riberi alikuwa ameshaona Afrika Mashariki kinachotokea pale walei wanapopangwa vizuri na kuaminiwa. Akataka kitu kilekile China, haraka, kabla mlango haujafungwa.

Kwa maneno mengine, kile alichokiona Nairobi na Moshi alikipeleka Shanghai na Tianjin. Vijana waliitikia kwa wingi, wa shule za sekondari na wa vyuo vikuu.

Nina binamu aliyesoma uhandisi Wuhan kwa miaka mitano. Hanyang ni sehemu ya Wuhan, ng'ambo ya mto, alikuwa akivuka daraja kwenda huko kila juma. Nikamwuliza Wachina wanaiitaje Lejio.

Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Shengmu jun. Shengmu ni Mama Mtakatifu. Jun ni jeshi. Jeshi lenyewe, kaka. Ndiyo jun ile ya jeshi la nchi."

Niliusikiliza ujumbe ule mara tatu.

Kwetu neno lejio limebaki la Kilatini. Bibi wa Kibosho anaweza kulitamka miaka hamsini bila kumwona askari akilini. Presidiumu, kuria, akies, tesera, yote ni maneno ya jeshi la Kirumi, lakini kwetu yamekuwa maneno ya kanisani tu, kama sakristia. Kichina hakikuwaficha hivyo. Wanafunzi wa miaka 17 walijiunga na kitu kilichoitwa Jeshi la Mama Mtakatifu, chenye vikao vya kila juma, taarifa za kazi na ahadi ya kutunza siri za kikao, katika nchi iliyotoka vitani juzi na serikali inayomwogopa kila aliyejipanga nje ya mkono wake. Halafu vita ya Korea ikawaka.

Je, Riberi hakuliona hilo? Balozi ndiye mtu anayelipwa kuona mambo kama hayo.

Raia wa Monaco

Mwishoni mwa 1950 ilianza kampeni ya kuwataka Wakatoliki wajitenge na Roma, wajitawale, wajitegemee, wajieneze wenyewe. Sitaki kuidharau hoja hiyo. Kanisa la China lilikuwa limeongozwa na wageni kupita kiasi. Ilibidi Papa Pius XI awaite Roma mapadre sita wa Kichina mwaka 1926 na kuwafanya maaskofu kwa mikono yake mwenyewe, ili wamisionari waelewe. Mkatoliki wa Tanganyika wa miaka ileile angekuwa na malalamiko yaleyale. Lakini kampeni hii haikumaanisha askofu Mchina badala ya askofu Mfaransa. Ilimaanisha askofu asiyeulizwa Roma.

Riberi akawaandikia maaskofu kuwaonya. Magazeti yakamgeukia. Wanafunzi na waamini wakatakiwa kutia saini maombi ya kumfukuza. Mwishoni mwa Juni 1951 akawekwa chini ya ulinzi nyumbani kwake Nanjing.

Serikali mpya haikuwahi kumtambua kama balozi. Vatican haikuwa na uhusiano nayo, kwa hiyo hati alizokuwa amempelekea Chiang zilikuwa karatasi tupu. Alipofukuzwa Septemba 1951, amri ya kijeshi ilimtaja kama mtu mwenye uraia wa Monaco. Haikusema internunsio wala mwakilishi wa Papa. Mgeni tu, raia wa kinchi kidogo cha pwani ya Mediterania, asiyetakiwa tena.

Nilijaribu kulifikiria jambo hilo kutoka upande wake. Una kanzu, una pete, una muhuri wa Papa kwenye droo. Anakuja askari na kukusomea cheti chako cha kuzaliwa.

Akasindikizwa hadi mpaka wa Hong Kong. Alivuka akiwa mzima.

Tarehe 17 Agosti mwaka huohuo, wiki chache kabla ya yeye kuvuka, Mwitaliano Antonio Riva na Mjapani Ruichi Yamaguchi walipigwa risasi Beijing kwa tuhuma za kupanga kumwua Mao. Nyumba ya zamani ya uwakilishi wa Papa mjini humo ilihusishwa na kesi hiyo, na Monsinyori Tarcisio Martina aliyeishi pale akapewa kifungo cha maisha. Kwa hiyo Riberi alijua kabisa kwamba kifo kilikuwa karibu. Lakini alivuka.

McGrath alikamatwa mwezi huohuo wa Septemba. Alikaa gerezani karibu miaka mitatu. Naye baadaye akavuka.

Fomu

Wasio na pa kuvukia walikuwa wale vijana.

Serikali iliitangaza Lejio kuwa shirika la siri la kupinga mapinduzi. Oktoba 1951 polisi wa Shanghai walifungua vituo ambako wanalejio walitakiwa kufika, kujiandikisha, na kutia saini kwamba wamejitoa. Utaratibu ulikuwa mwepesi kabisa: unaingia, unatia saini, unarudi shuleni.

Wengi hawakwenda.

Usiku wa tarehe 8 Septemba 1955, sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, Askofu Kung alikamatwa Shanghai, na mamia ya mapadre na waamini wakachukuliwa usiku huo na siku zilizofuata. Walikuwamo wanalejio. Wapo waliotoka magerezani na kambi za kazi nywele zikiwa nyeupe. Kung mwenyewe alitumikia miaka 30 kabla ya kutolewa mwaka 1985 na kuwekwa chini ya ulinzi nyumbani. Papa Yohane Paulo II alikuwa amemfanya kardinali kwa siri mwaka 1979, jina akalitunza moyoni hadi 1991 alipolitangaza.

Na Riberi? Mwaka 1952 alihamia Taipei, kisiwani Taiwan, ambako serikali ya Chiang ilikuwa imekimbilia. Mwaka 1959 akapelekwa Ireland, kisha Uhispania. Mwaka 1967 akawa kardinali, katika kundi moja na askofu mkuu wa Krakow, Karol Wojtyła, yule atakayekuwa Yohane Paulo II. Akafa Desemba mwaka huohuo.

Niliyaandika haya kwenye daftari katika safu mbili, yake upande huu na ya vijana upande ule. Nilipoyatazama nikakasirika. Niseme ukweli, nilimchukia yule mzee kwa siku kadhaa. Niliona mtu aliyewapa watoto bendera, akaondoka na cheo.

Msongari

Kazi ilinipeleka Nairobi mwezi uliopita. Nilikuwa na saa mbili kabla ya basi la kurudi, nikaenda Msongari, kwenye makaburi ya wamisionari wa Mtakatifu Austin. Edel Quinn amezikwa pale, katika safu na wengine. Kuna miti, na kelele za Waiyaki Way zinafika kwa mbali. Mama mmoja alikuwa amepiga magoti na mtoto mgongoni, anasali Katena kwa sauti ya chini.

Nikabaki nyuma yake nikisubiri. Alipofika kwenye lile neno, jeshi lililopangwa kwa vita, mtoto alikuwa anacheza na rozari yake.

Nikafikiri: nani aliyemtuma Edel aje afie hapa? Alikuwa mgonjwa. Aliwahi kulazwa miezi kumi na minane kwa kifua kikuu. Viongozi wa Lejio Dublin walijadiliana kama ni haki kumruhusu aje. Aliomba mwenyewe. Leo hatusemi Frank Duff alimwua, wala hatusemi Riberi alimtumia. Tunasema alichagua, na Kanisa limemtangaza Mheshimiwa, hatua moja ya kuelekea kutangazwa mtakatifu, mwaka 1994 kwa uchaguzi huo.

Kwa nini basi msichana wa Shanghai nimemfanya mtoto aliyedanganywa?

Nilimweleza shangazi kwa simu jioni ile. Nilimsomea safu zangu mbili. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo kwa kawaida hafanyi.

"Mwanangu," akasema, "hiyo fomu walipewa au hawakupewa?"

"Walipewa."

"Basi mbona unampa Delegati sifa zao?"

Nilikuwa nadhani nampa lawama. Yeye alisikia sifa: kwamba nimemfanya Riberi kuwa mwenye habari yote, hata ile sehemu ambayo si yake. Miaka 31 ameandika kumbukumbu za watu waliokwenda kwa mgonjwa bila kusukumwa na mtu, na hakuna mahali alipoandika kwamba askofu ndiye aliyekwenda.

Bado nina la kumwambia Riberi, na sitaliondoa. Angeweza kushauri jina lingine kwa Kichina. Angeweza kulegeza ile siri ya vikao, ambayo Moshi haina maana kubwa lakini Shanghai ilikuwa ushahidi wa kesi. Mtu aliyepita Mombasa na Dublin alipaswa kujua kwamba kitu kilekile hakivai nguo ileile kila mahali. Hilo naliona kosa, kosa la balozi hasa, la mtu ambaye kazi yake ni kupima maneno.

Kubaki kwake Nanjing sikioni kosa. Asingebaki, Kung asingewekwa wakfu siku ile.

Usiku wa Oktoba 25

Kuna kipande cha mwisho, na hiki kinatuhusu Watanzania kuliko tunavyodhani.

Ofisi ya Riberi iliyohamia Taipei haikufa. Mwaka 1966 ilipandishwa hadhi kuwa ubalozi kamili. Hadi leo, kwa jina lake rasmi, ni Ubalozi wa Papa nchini China. Uko Taipei.

Tarehe 25 Oktoba 1971, Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuirudisha Beijing kwenye kiti cha China na kuwatoa wawakilishi wa Chiang. Kura 76 kwa 35. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 23 zilizoleta azimio hilo, na ujumbe wetu chini ya Salim Ahmed Salim ulishangilia ukumbini hadi Wamarekani wakaweka kinyongo. Nimekua nikisimuliwa usiku ule kwa fahari. TAZARA ilikuwa inajengwa, Wachina walikuwa wanakula vumbi moja na baba zetu, na ilikuwa haki watu milioni mamia wawe na kiti chao. Bado naamini ilikuwa haki.

Sikujua kwamba kura ileile ilimwondoa mtu Taipei. Balozi wa Papa aliyekuwapo, Mwaustralia Edward Cassidy, aliondoka, na tangu hapo Vatican haijateua balozi mwingine wa kukaa pale. Ofisi inaongozwa na kaimu. Zaidi ya miaka hamsini ya ukaimu! Upande wa pili, Taiwan ina balozi wake kamili Roma, na ofisi yake iko kwenye barabara ileile inayoingia uwanja wa Mtakatifu Petro. Katika Ulaya yote, Vatican ndiyo pekee iliyobaki na uhusiano rasmi na Taiwan.

Kiti hicho kimeachwa wazi kwa makusudi. Mwaka 1999 Kardinali Angelo Sodano, aliyekuwa Katibu wa Dola wa Vatican, alisema hadharani kwamba ubalozi unaweza kuhamishwa kutoka Taipei kwenda Beijing mara moja, makubaliano yakipatikana. Beijing kwa upande wake haijabadili sharti: kwanza kateni uhusiano na Taiwan. Tarehe 22 Septemba 2018 pande mbili zilitia saini makubaliano ya muda kuhusu uteuzi wa maaskofu. Yameongezwa 2020, 2022, na 2024 kwa miaka minne. Maandishi yake hayajachapishwa. Hayakuleta balozi.

Mnaona swali ni lilelile la 1949, nani anamtaja askofu, ila safari hii wanalijadili mezani.

Wapo rafiki zangu wanaosema Vatican imewauza akina Kung kwa kutia saini. Sikubaliani nao. Kanisa lenye maaskofu wa aina mbili, hawa wa serikali na hawa wa mafichoni, ni familia iliyopasuka, na mtu anayejaribu kuiunganisha lazima azungumze na aliyeipasua. Lakini nikifikiria Wakatoliki wa Taiwan, wachache, waliompokea Riberi alipokuwa hana pa kwenda, naumia. Wameishi na kaimu nusu karne bila kulalamika, wakijua wazi kwamba siku mambo yakienda vizuri Beijing, kwao taa itazimwa. Aprili 2025, Papa Fransisko alipozikwa, Taiwan ilimtuma makamu wa rais wa zamani, Chen Chien-jen, Mkatoliki, akakaa kati ya wajumbe wa dunia. Nilimtafuta kwenye picha. Nilipompata nilifikiria kile kiti.

Siku balozi wa Papa atakapoingia Beijing nitafurahi sana, na ningependa apitie Taipei kwanza, awaage watu wale ana kwa ana.

Kumbukumbu za kikao

Jumatano iliyopita nilikuwa tena Moshi. Shangazi anasubiri tarehe ya upasuaji wa jicho, kwa hiyo bado mimi ndiye kalamu yake. Walisali rozari, wakatoa taarifa, wakasimama kwa Katena. Safari hii nilitamka pamoja nao.

Ulipofika wakati wa mengineyo, shangazi aliomba nafasi. Akawaambia wenzake kwa dakika nne au tano hivi kwamba Delegati wa Mombasa aliyemsaidia Edel alikwenda China, kwamba huko Lejio iliitwa jeshi kweli, kwamba vijana waliletewa karatasi ya kujitoa na wengi hawakuisaini. Hakutaja Taipei wala Umoja wa Mataifa. Mzee mmoja aliuliza kama bado wapo walio hai. Nikasema waliokuwa na miaka 17 wakati ule, wakiwapo, wamepita tisini.

Wakakubaliana kuwatolea fumbo moja la rozari kila kikao hadi mwisho wa mwaka.

Shangazi akanigusa mkono niandike. Akanitajia sentensi neno kwa neno, kama anavyofanya siku zote, kisha akanisimamisha.

"Hanyang," akasema. "Nipe herufi zake. Na uandike vizuri, watakuja kusoma wengine."